Niliita dawa ya mama "dawa ya panya". Nilikosea

Wadau, leo hakuna mzaha. Kuna video niliweka hapa, mkacheka, mkaisambaza kwa magrupu ya familia. Nimeitoa. Ningeweza kuitoa kimyakimya na kuendelea na maisha, lakini watu walishaiona, na wengine walishafanya walichofanya. Kwa hivyo naandika, na naomba usome mpaka mwisho hata kama umezoea kuniona nikichekacheka kwa kamera.

Kwa wageni: mama yangu anasuka nywele Kenyatta Market. Kama umewahi kupita pale unajua. Hujamaliza hata kuingia, sauti kumi zinakuita "Supa! Dada, tukusuke?" hata kama wewe ni mwanaume na kichwa kinang'aa. Moshi wa nyama choma unakufuata, cherehani za mafundi zinalia, na katikati ya hayo yote mama amesimama nyuma ya kiti chake. Amesimama pale tangu kabla sijazaliwa. Karo yangu yote ilitoka kwa vidole vyake.

Mama ana moyo mbovu. Si kwa tabia, manake huyo hata nzi hamuui. Vali ndiyo imeharibika.

Alipokuwa mtoto huko kijijini koo lilimuuma, akapewa maji ya chumvi, likapoa. Kumbe mwili ulipokuwa ukipigana na wale bakteria wa koo, uligeuka ukajeruhi na vali za moyo wake. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Hakuna aliyejua. Miaka mingi baadaye ile vali ya upande wa kushoto ikawa nyembamba, haifunguki vizuri. Chumba cha juu cha moyo kikavimba, kikaacha kupiga kama inavyofaa, kikawa kinatetemeka tu. Mapigo yakawa hayana mpango: mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu pamoja. Damu ikitulia ndani ya chumba kama hicho inaganda, na kipande kimoja kikichomoka kikaenda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi.

Ndiyo maana kila jioni mama anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na kila baada ya muda anafunga kibanda, anavuka Mbagathi Way kwenda hospitali kupimwa damu. Kipimo kinaitwa INR. Kwake kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaweza kuganda. Kikipanda sana, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Siku ya kipimo ni siku bila wateja, na ukisuka kwa siku, siku bila wateja ni siku bila pesa.

Sasa, binamu yangu ako Marekani. Naye mapigo yake yana shida. Yeye anakula kidonge kipya, hapimwi damu, anakula spinachi vile anataka. Alinitumia picha ya kile kidonge na kicheko. Nikakasirika. Nikachukua pakiti ya mama, nikawasha simu, nikasema: hii ni dawa ya panya, wasee. Wazungu walitoka hapo kitambo. Mama zetu wanapewa mabaki. Nikamalizia na ule muziki wa huzuni mnaoujua.

Ikasambaa vibaya sana. Mwanamke mmoja akaniandikia kutoka Kayole: "Asante bro, mathe nimemtoa kwa hiyo sumu, nimemnunulia ile mpya." Mimi nikamjibu na emoji ya moyo. Ya moyo, fikiria.

Wiki mbili baadaye nilimsindikiza mama kliniki. Daktari akamuuliza, "Mama, vidonge vinaendaje?"

Mama akasema, "Daktari, kijana wangu anasema hivi ni vya panya. Anataka nibadilishe."

Daktari akaniangalia juu ya miwani. "Ni wewe wa ile video? Dada yangu alinitumia." Nikatamani sakafu ifunguke. Kisha akaniuliza swali moja tu, kwa upole: "Binamu yako wa Marekani, vali yake ikoje?"

Nikasema sijui.

"Basi hujui kama yeye na mama wana ugonjwa mmoja. Mapigo yanaweza kufanana na mioyo isifanane. Nenda usome utafiti unaoitwa INVICTUS, halafu uje tuongee."

Nikasoma. Usiku kucha, kamusi kando, simu kwa chaja. Na nilichokuta ndicho hiki.

Kanada kuna daktari wa moyo anaitwa Stuart Connolly, wa Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton. Kazi yake ya maisha ni mapigo ya moyo. Alitafiti dawa za kutuliza mapigo, akatafiti vile vifaa vinavyopandikizwa mwilini kuushtua moyo ukipotea njia. Mwaka wa 2009 aliongoza utafiti mkubwa unaoitwa RE-LY: wagonjwa 18,113 katika nchi 44, wote wenye mapigo ya aina ile ya kutetemeka. Wengine walipewa warfarin, wengine dawa mpya ya wakati huo, dabigatran. Kwa dozi kubwa, dawa mpya ilipunguza kiharusi kuliko warfarin, na haikuhitaji kupimwa damu kila mara. Mwaka uliofuata Marekani ikairuhusu. Zikafuata dada zake, rivaroxaban na apixaban. Kwa hiyo binamu yangu hakudanganya. Kidonge chake kina ushahidi wa nguvu.

Lakini tafiti zile zilikuwa na masharti ya nani anaingia. Mtu mwenye vali iliyobanana sana kama ya mama aliachwa nje. Kwa hiyo ule ushahidi wote haukumhusu. Video yangu ilichukua majibu ya mtu mwingine ikayabandika kwa mama.

Na hao walioachwa nje si wachache kwetu. Kikosi hichohicho cha RE-LY kiliandikisha wagonjwa wa mapigo haya waliofika hospitali katika nchi 47. Amerika Kaskazini, waliokuwa na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi walikuwa asilimia 2.2. Afrika walikuwa asilimia 21.5. Yaani kule ni mmoja kati ya hamsini hivi, hapa ni mmoja kati ya watano. Ugonjwa unaitwa jina moja, lakini kule mgonjwa wa kawaida ni mzee mwenye presha, na hapa mara nyingi ni mama kama wangu.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifunga mdomo. Connolly hakuishia kwa ushindi wake. Alishirikiana na daktari wa moyo kutoka Delhi, Ganesan Karthikeyan, na wengine wengi, wakauliza lile swali lililorukwa: je, kwa hawa wa vali, dawa mpya inafaa? Wakaandikisha wagonjwa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Hesabu ya mwisho ilikuwa na watu 4,531. Wastani wa umri ni miaka 50 na nusu. Wanawake ni asilimia 72. Ukisoma hizo namba unaona Kenyatta Market imekaa kwa benchi inangoja kuitwa.

Nusu walipewa rivaroxaban. Nusu walipewa warfarin au dawa za kundi lake. Na wengi, kusema ukweli, walitarajia dawa mpya angalau isipitwe.

Matokeo yalitoka Agosti 2022. Waliopata kiharusi, au damu iliyoganda ikaziba mahali pengine, au shambulio la moyo, au wakafa kwa sababu za moyo na mishipa au zisizojulikana: kwa rivaroxaban walikuwa 560, kwa warfarin walikuwa 446. Katika muda wa utafiti, wa rivaroxaban waliishi wastani wa siku 72 pungufu. Na kuvuja damu vibaya, ile hofu yetu kubwa, hakukuonekana kuwa kwingi zaidi kwa warfarin.

Dawa ya zamani ilishinda. Na kampuni iliyolipia utafiti ni Bayer, ileile inayouza rivaroxaban. Walilipa pesa zao, jibu likawageukia, na likachapishwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa na simu moja na hasira, na sikuuliza hata swali moja kabla ya kubonyeza kitufe.

Kuna kitu kingine. Warfarin haikushinda kwa sababu watu walikuwa wakipimwa kwa ustadi wa ajabu. Katika utafiti wote, waliokuwa na INR inayotakiwa walikuwa kama asilimia 56 hadi 65 tu. Ilishinda ikiwa inachechemea. Na tofauti kubwa ya vifo haikuwa hata kwa kiharusi. Ilikuwa kwa moyo kuchoka na kwa vifo vya ghafla. Kuna wanaodhani kwamba kule kwenda kliniki kila mwezi, kuonwa na mtu, kuulizwa "miguu inavimba?", ni sehemu ya tiba. Mimi si daktari. Lakini nimemwona mama akirudi kutoka kliniki, na siwezi kulikataa wazo hilo.

Haya, na ile ya panya? Ni kweli, nusu yake. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kuvuja damu mpaka kufa baada ya kula nyasi za kulishia zilizooza. Mwaka wa 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alibeba ng'ombe wake aliyekufa na chombo cha damu isiyoganda mpaka kwa mwanakemia Karl Paul Link. Kutoka hapo maabara ile ikatafuta miaka mingi mpaka ikakipata kitu chenyewe. Warfarin ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka wa 1948. Mwaka wa 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata rais wa Marekani, Eisenhower, alipopata shambulio la moyo, naye akapewa. Kwa hiyo ukimcheka mama yangu, mcheke na rais. Chumvi pia ukila kilo unakufa. Kinachoitenga dawa na sumu ni kipimo, na ndiyo maana tunapima.

Najua kuna mtu atasema: wewe sasa unatuambia Waafrika tubaki na dawa za zamani, wazuri wapewe wengine. Hapana. Kama mapigo yako yametokana na presha au umri, na vali zako hazijabanana wala hujawekewa ya chuma, dawa mpya zinaweza kuwa bora kwako. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwa orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2019. Hizo tupiganie bei yake ishuke, mimi nitakuwa mstari wa mbele na kamera. Ninachokataa ni kuchagua dawa kwa upya wake, vile tunachagua simu.

Na ninachokasirikia sasa ni kingine. Hesabu na mimi: kutoka RE-LY ya 2009 mpaka INVICTUS ya 2022 ni miaka 13. Miaka 13 dunia ilikuwa na jibu la binamu yangu na haikuwa na jibu la mama yangu. Ile miaka yote madaktari wa akina mama wa sokoni walikuwa wakiamua bila utafiti wa kuwashika mkono. Si ubaya wa Connolly, yeye angalau alirudi. Shida ni kwamba swali letu linaulizwa mwisho kila mara, na mtu wa mbali.

Na usiniambie hatuna watu. Utafiti wa CREOLE, uliotoka 2019, ulichukua Waafrika 728 wenye presha katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ukauliza dawa gani mbili zikichanganywa zinashusha presha yetu sisi vizuri zaidi. Jibu: mchanganyiko wenye amlodipine. Mmoja wa waandishi ni Prof. Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na idara yake ya tiba iko hapo Kenyatta National, ng'ambo ya barabara kutoka kwa kiti cha mama. Kabla ya hapo kulikuwa na REMEDY, utafiti wa mioyo ya baridi yabisi ulioongozwa na marehemu Bongani Mayosi wa Cape Town, na Prof. Stephen Ogendo wa Nairobi akiwemo. Huo uliangalia wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini. Kati ya waliokuwa na sababu ya kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, karibu saba kwa kumi walikuwa nayo. Lakini waliokuwa na INR inayotakiwa hawakufika hata mmoja kati ya watatu.

Soma hiyo namba ya mwisho tena. Hapo ndipo watu wetu wanafia. Dawa wanayo, na ni ya bei nafuu. Kipimo ndicho kiko mbali.

Kwa hivyo video ambayo ningefaa kutengeneza ni hii: kwa nini kupima INR kunamla mama siku nzima? Kuna mashine ndogo ya kutoboa kidole, tone moja, jibu dakika chache. Kwa nini haiko kwa kila zahanati ya kaunti, ili mtu wa Kayole au Kawangware apimwe karibu na kwake? Na si lazima kila mara awe daktari bingwa. Pale Eldoret, hospitali ya Moi, wafamasia ndio waliendesha kliniki ya warfarin, na matokeo waliyochapisha mwaka wa 2011 yalisimama vizuri kando ya kliniki za nchi tajiri. Wakenya, kwa mazingira yetu, kwa bajeti yetu. Hilo ndilo la kumuuliza gavana na SHA. Mimi nilikuwa nauliza kidonge kinatoka wapi.

Na kabla ya yote hayo, koo. Watafiti wa Uganda na wenzao, akiwemo daktari wa moyo Emmy Okello, waliwachukua watoto 818 wa kaskazini mwa Uganda ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuguswa bila wao kujua. Waliopewa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, waliozidiwa ni 3 kati ya 399. Wasiopewa, ni 33 kati ya 400. Penisilini, wadau. Nayo ni ya zamani. Mtoto wako akilia koo, mpeleke apimwe. Maji ya chumvi ya bibi yalimgharimu mama yangu vali.

Sasa yale ya kushika mkononi, ambayo daktari alinituma niyaseme. Usiache warfarin wala kubadilisha dawa kwa sababu ya video, yangu au ya mtu mwingine. Sukuma hukatazwi, ila usile leo sufuria nzima na wiki ijayo usiguse. Kula kiasi kinachofanana, kwa sababu mboga za kijani zina vitamini K inayopambana na dawa. Ukiandikiwa antibiotiki, au ukitaka kununua dawa ya maumivu au miti shamba, sema kwanza kwamba uko kwa warfarin. Na dada, kama unatarajia kupata mimba, mwambie daktari mapema, usingoje, kwa sababu warfarin inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Yule wa Kayole nilimpigia. Nilimwomba msamaha, nikamweleza. Kwanza alinitukana, na alikuwa na haki. Kisha akampeleka mama yake kliniki, wakaangalia vali, na ni kama ya mama yangu. Amerudishwa kwa warfarin chini ya daktari. Huyo nilimpata kwa sababu aliniandikia. Wengine walitazama tu wakaenda zao, na sina namba zao. Kama uliituma ile video kwa grupu la familia, tafadhali tuma na hii palepale, kwa watu walewale.

Jana jioni nilipita sokoni. Mama alikuwa anamalizia kichwa cha mwisho, kijisanduku cha vidonge kando ya chanuo. Mteja akamuuliza hivyo ni vya nini. Mama akasema, "Vya panya," akacheka mpaka akaketi. Halafu akameza kimoja na maji, akaniambia, "Alhamisi ni siku ya kupimwa. Utanishikia kibanda?"

Nitashika. Kusuka sijui, lakini kuita "Supa!" naweza.